Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa moja na dakika nne usiku,
Meya Orrin Brekke akigonga meza kwa nyundo ya mbao
ambayo kichwa chake kimelegea tangu mwaka wa mafuriko.
Akidi ilitimia: wanne kati ya watano.
Diwani Lindquist alikuwa bado shambani na viazi vya sukari,
kwani ardhi ya Dakota ikianza kuganda
haingoji ajenda ya mtu.
Mimi ndimi karani. Kazi yangu kuandika yaliyosemwa.

Yaliyosemwa ni haya:
kwamba barabara kuu itapanuliwa, njia mbili ziwe nne;
kwamba mhandisi wa jimbo, kijana mwenye viatu visivyojua tope,
alikunjua ramani ikafunika meza, makaratasi, na kahawa ya Meya,
na mji wetu ukawa pale,
kipande cha uzi kilichosahauliwa sindanoni;
kwamba malori ya ngano yatapita bila kupunguza mwendo,
na hiyo, alisema, ni faida.

"Faida ya nani?" akauliza Delphine Roussin,
mwenye duka la misumari na rangi.
"Asiyepunguza mwendo hanunui kitu."
Niliandika: Diwani Roussin aliomba ufafanuzi.

Likaja suala la kelele. Suala la theluji ikiyeyuka
maji yake yaelekee wapi. Watoto wa shule wavukie wapi.
Kila swali lilijibiwa "litazingatiwa,"
neno laini kama mto wa kulalia.
Nimeliandika mara kumi na moja.

Nyuma kabisa, kando ya kipasha joto kinachokohoa,
aliketi Ardith Skogen, na sare ya kazini chini ya koti.
Aliinua mkono.
Meya akasema maoni ya wananchi yatapokelewa
kwenye kikao maalumu.
Akaushusha.

Hapo ndipo tukaingia kwenye hoja ngumu kuliko zote:
kikao maalumu kiwe lini?
Jumatatu wasichana wana mpira wa kikapu.
Jumatano ni kwaya ya Walutheri, na besi ni Meya peke yake.
Alhamisi mhandisi yuko mji mwingine, anakunjua ramani nyingine.
Ijumaa, nani mwenye akili zake?
Wiki ijayo mavuno; halafu msimu wa kulungu,
na madiwani wawili watakuwa juu ya miti na bunduki zao,
kimya saa nzima,
jambo ambalo humu ndani halijawahi kuwawezekana.

Barabara ya maili tisa ilijadiliwa dakika kumi na nane.
Tarehe ilikula saa moja na robo.

Ikapatikana: Jumanne, tarehe tatu Desemba, saa kumi na moja jioni.
Wanaoafiki? Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo.
Ardith akasema, bila kupaza sauti,
"Saa hiyo niko zamu. Nawalisha wazee."
Nyundo ikashuka.
"Saa hiyo niko zamu,"
lakini kichwa cha nyundo kilikwisha chomoka,
kikabingirika chini ya meza, tukacheka,
tukainama wote kukitafuta,
na tulipoinuka, mlango wa nyuma ulikuwa ukijifunga polepole.

Kwenye Mengineyo huwa naandika "Hakuna."
Miaka ishirini na miwili, Hakuna;
mkono wangu unaliandika huku mimi nawaza chakula cha paka.
Usiku huu nimelifuta, karatasi ikachubuka.

Mengineyo: Bi. Ardith Skogen, nyumba ya mwisho kabla ya daraja,
yuko zamu saa kumi na moja.
Kigingi cha rangi ya chungwa kimesimama uani kwake
kati ya kamba ya nguo na kaburi la mbwa.

Meya atasoma, ataniita pembeni,
atasema hilo halikusemwa kikaoni.
Lilisemwa. Mara mbili.
Nililisikia nikiwa chini ya meza,
na kile kichwa cha nyundo mkononi mwangu.